Embe la Kipalapala na Mbweha wa Katuni: Sayansi Iliyomo Katika Kicheko

Embe linaloning'inia karibu mita 5 juu ya ardhi katika mwembe wa Kipalapala, kusini mwa mji wa Tabora, likikatika kikonyo hutua chini baada ya sekunde moja hivi. Halingoji kitu. Tangu lilipoachana na tawi, kani ya mvutano wa dunia hulivuta, na mwendo wake huzidi kila nukta ipitayo, hata linapogusa ardhi huwa na mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde. Hivyo ndivyo lilivyo pia kwa jiwe, kwa chungu na kwa mtu aliyeteleza juu ya paa.

Katika filamu za katuni mambo huenda vingine. Mbweha wa Marekani aitwaye Wile E. Coyote, aliyebuniwa na Chuck Jones na wenzake na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949, humkimbiza ndege Road Runner mpaka akapita ukingo wa genge. Haanguki. Huendelea kukimbia hewani, husimama, hutazama chini, na hapo ndipo huporomoka. Watazamaji huangua kicheko. Yafaa tujiulize: je, kicheko hicho hutoka wapi, na kina faida gani kwa mwalimu na mwanafunzi wa sayansi?

Kwanza tuone jinsi filamu hizo zinavyotengenezwa. Filamu ya sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, na kila moja imetulia tuli. Katika katuni picha hizo huchorwa, na mara nyingi mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili, hivyo michoro 12 yatosha kwa sekunde moja. Katuni fupi ya dakika 7 yaweza basi kuhitaji michoro 5,000 na zaidi. Zamani ilidhaniwa kuwa tunaona mwendo kwa sababu tu picha moja hubaki jichoni hadi ijayo ifike. Maelezo hayo hayatoshi. Max Wertheimer alionyesha mwaka 1912 kwamba mwendo huo huundwa na ubongo wenyewe, unaounganisha vitu viwili vilivyotulia na kuvisoma kama kitu kimoja kinachosogea.

Kwa kuwa ubongo ndio unaounda mwendo, mchoraji hana budi kuufuata ubongo unavyoujua ulimwengu. Tulirudie embe letu na kuigawa sekunde yake katika robo nne. Katika robo ya kwanza hushuka sentimita 31 hivi. Katika ya pili sentimita 92. Katika ya tatu sentimita 153. Na katika ya nne sentimita 214. Hatua hizo zimo katika uwiano wa 1, 3, 5 na 7, kanuni aliyoieleza Galileo katika karne ya 17. Mchoraji asiyeifuata hupata embe linaloshuka kama unyoya.

Jambo hili laweza kujaribiwa darasani bila gharama. Chukua daftari lenye karatasi ngumu kidogo. Katika pembe ya kurasa 8 zinazofuatana chora tone la wino, kila tone likiwa chini ya lile lililotangulia kwa milimita 7. Katika kurasa nyingine 8 yashushe matone kwa milimita 1, 3, 5, 7, 9, 11 na 13. Safari zote mbili ni za milimita 49. Sasa ziachilie kurasa zipite upesi chini ya kidole gumba. Tone la kwanza litaonekana likiteremshwa kwa kamba. La pili litaonekana lina uzito na linaanguka.

Hapa twafika kwenye kiini cha jambo. Mbweha anapoporomoka, huporomoka kwa kanuni. Uongo umo katika kule kuchelewa tu. Msanii ameivunja sheria moja na kuzihifadhi zile nyingine. Mtazamaji asiyeijua sheria hiyo hawezi kucheka, kwa maana hataona kuwa kuna kilichovunjwa. Kwa hiyo kila anayecheka anatoa ushahidi kwamba tayari anayo fizikia fulani kichwani, hata kama hajaisoma kitabuni.

Lakini fizikia hiyo ya kichwani ina kasoro zake. Miaka ya 1980 Michael McCloskey na wenzake nchini Marekani waliwachunguza wanafunzi wa chuo kikuu na kuona kwamba wengi, wakiwemo waliokwisha soma fizikia, wana mawazo potofu juu ya mwendo wa vitu. Wako wanaoamini kuwa kitu kilichorushwa ukingoni huenda mbele kwanza, kisha mwendo wake ukiisha ndipo huanguka. Huyo ni mbweha wetu mtupu! Mwalimu aweza kuisahihisha dhana hiyo kwa sarafu mbili: moja iachiliwe ukingoni mwa meza, nyingine isukumwe kwa nguvu kwenda mbele wakati ule ule. Wanafunzi wafunge macho na kusikiliza. Sarafu zote mbili hugonga sakafu pamoja.

Sababu ya pili ya kicheko si ya fizikia. Katika mfululizo wa Tom na Jerry, ulioanzishwa na William Hanna na Joseph Barbera mwaka 1940, panya mdogo humshinda paka mkubwa, na karibu yote husimuliwa kwa vitendo na muziki bila maneno. Wasomaji wetu hawaoni ajabu hapo. Katika Unyamwezi, kama kwingineko Afrika Mashariki, watoto wamekua wakisikia jinsi sungura anavyomlaghai fisi. Msikilizaji hajiulizi kama fisi ataumbuka, hujiuliza ataumbukaje. Fisi hupigwa, huchomwa na kutumbukia shimoni, na kesho yake yu mzima katika hadithi nyingine. Ndivyo ilivyo kwa paka anayebabatizwa akawa bapa kama chapati, kisha akajinyanyua. Tunacheka kwa kuwa twajua hakuna aliyeumia.

Ni muhimu kulikumbuka hili, kwa sababu zamani uwezo huo wa watu wetu ulitiliwa shaka. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu uliendeshwa kutoka Vugiri, karibu na Korogwe, na mojawapo ya filamu zake ilihusu sungura na chui. Kisha mwaka 1939 Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni chini ya William Sellers, aliyeshikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata filamu ya haraka wala picha za hila, hivyo apewe mwendo wa polepole na mambo mepesi. Fikra hiyo haikuwa na msingi. Jamii iliyomfuatilia sungura katika hila zake zote haikukosa akili ya kuielewa hila iliyochorwa.

Hata hivyo tahadhari yahitajika. Albert Bandura na wenzake walionyesha mwaka 1963 kwamba watoto wadogo waliotazama filamu ya mtu akimpiga mwanasesere waliiga vitendo hivyo, hata pale mpigaji alipovikwa umbo la paka wa katuni. Mtoto mdogo aweza kucheka bila kupambanua vema mchezo na hatari. Mzazi au mwalimu anapotazama pamoja naye na kumwuliza, "Je, ingekuwa kweli, ingekuwaje?" humsaidia kuuona mpaka huo.

Swali hilo hilo lafaa katika sekondari. Tangu 2014 katuni za Kiswahili za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam, zimefundisha hisabati na sayansi kwa njia ya hadithi. Lakini hata katuni ya mchezo mtupu yaweza kuwa somo. Wanafunzi watazame dakika moja, kisha waandike katika safu mbili: sheria za maumbile zilizovunjwa, na zilizofuatwa. Wataona, pengine kwa mshangao, kuwa safu ya pili ndiyo ndefu zaidi.