Ndimu, Jibini na Kachumbari: Kemia ya Sahani ya Sherehe

Anayetaka kuandaa vitafunwa vya Kimexico kwa ajili ya besidei ya Mbagala au sendofu ya Tegeta hana haja ya kupanda gari kwenda supamaketi za Masaki. Nyanya, pilipili, parachichi na mahindi vyote asili yake ni Amerika, ambako wenyeji walivilima maelfu ya miaka kabla meli za Wareno hazijatia nanga Kilwa. Pilipili na mahindi vilianza kutufikia baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi, parachichi likachelewa zaidi. Huku vilikuta ndimu na kitunguu vilivyotangulia kutoka Asia, na mkutano huo ukatupa kachumbari. Salsa mbichi ya Mexico ni nyanya, kitunguu, pilipili, giligilani na ndimu. Wao hukatakata vipande vidogo vya kuchotwa kwa kitafunwa, sisi hukata slesi nyembamba za kuwekwa pembeni ya pilau. Tofauti kubwa zaidi ya hiyo siioni.

Kiungo kinachofanya kazi nyingi zaidi kwenye sahani hiyo ni ndimu, na ndicho tunachokidharau. Tunaikamua mwishoni, tena kidogo, kwa ajili ya ladha tu. Lakini uchachu wake hubadilisha rangi ya kitunguu, huzuia parachichi lisiwe jeusi, hugandisha maziwa yakawa jibini, na katika mazingira fulani hukaa kati ya mlaji na ugonjwa. Wanakemia hupima uchachu kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi yako kwenye 7, na kila namba inaposhuka kwa moja uchachu unaongezeka mara 10. Maji ya ndimu yako kwenye 2 na kidogo, nyanya nyingi kati ya 4.2 na 4.9, parachichi na maziwa juu ya 6.

Uchachu huo unaweza kuuona kwa macho. Kata slesi tatu nyembamba za kitunguu chekundu. Moja iweke kwenye maji ya ndimu, ya pili kwenye maji matupu, ya tatu kwenye maji yaliyokorogwa kijiko cha bekingi soda. Baada ya muda mfupi slesi ya ndimu itakuwa na rangi ya waridi inayong'aa, ya maji matupu itabaki na zambarau yake iliyofifia, na ya soda itageuka kuwa na ukijani wa samawati. Rangi ya kitunguu chekundu hutokana na kemikali ziitwazo anthosianini, ambazo hubadili umbo lake kufuata uchachu wa kimiminika zilichomo. Ndiyo maana kachumbari iliyotiwa ndimu mapema hupendeza kuliko iliyokamuliwa wakati wageni wamekwisha kukaa.

Kitunguu kina kisa kingine. Kikiwa kizima hakina harufu kali, kwa sababu kemikali zake za salfa na vimeng'enya vyake vimetengwa ndani ya seli. Kisu kikipasua seli vitu hivyo hukutana na kutoa gesi inayopanda hadi machoni. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walitambua kimeng'enya maalumu kinachozalisha gesi hiyo. Kabla ya hapo ilidhaniwa kuwa hujitengeneza yenyewe. Wanawake wa Pwani walikuwa na dawa yake zamani: kufikicha kitunguu kwa chumvi, kukikamua, kisha kukisuuza. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya seli, na maji hayo hutoka pamoja na sehemu kubwa ya ukali. Kwa sababu hiyohiyo nyanya usizitie chumvi saa tatu kabla ya sherehe. Zitatoa maji yake yote, na ulichotaka kiwe salsa kitakuwa supu baridi.

Kwenye pilipili ndimu haisaidii. Ukali wa pilipili mbuzi na pilipili kichaa unatokana na kapsaisini, ambayo kwa wingi haimo kwenye mbegu kama inavyosemwa, bali kwenye ule utando mweupe unaozishika. Ukiukwangua utando huo unabaki na harufu tamu ya pilipili mbuzi bila kuwaliza watoto. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake huko San Francisco waligundua kipokezi cha kwenye neva kinachoitikia kapsaisini, na wakaona kuwa ni kilekile kinachoitikia joto linapozidi nyuzi 43 hivi. Ubongo unapata taarifa ya kuungua ilhali hakuna kilichoungua. Julius alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Maji hayatulizi ukali huo, maana kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta zaidi kuliko kwenye maji. Maziwa na mtindi hutuliza, kwa kuwa protini yake iitwayo kaseini huikamata kapsaisini na kuiondoa ulimini. Weka bakuli la mtindi karibu na la pilipili.

Parachichi nalo lina imani yake: kwamba ukiacha kokwa ndani ya bakuli, rojo lake halitageuka jeusi. Kokwa hulinda pale tu lilipogusa, kwa sababu limezuia hewa. Weusi hutokea pale kimeng'enya cha tunda kinapokutana na oksijeni baada ya seli kupondwa. Ndimu hukidhoofisha kimeng'enya hicho kwa uchachu, na vitamini C yake hurudisha nyuma sehemu ya mabadiliko yaliyoanza. Ponda maparachichi mawili na maji ya ndimu moja, chumvi na kitunguu, sawazisha juu kwa mgongo wa kijiko, kisha funika kwa nailoni inayogusa rojo lenyewe bila kuacha hewa katikati.

Sasa jibini, ambayo wengi huiogopa kwa bei na kwa kutoijua. Jibini ya kwanza haihitaji kununuliwa. Chemsha lita moja ya maziwa halisi ya ng'ombe hadi yaanze kufura, yaepue, kisha mimina maji ya ndimu vijiko vitatu vya chakula kidogokidogo huku ukikoroga taratibu. Kwa muda unaona maziwa tu. Halafu ghafla yanakatika: mabonge meupe yanajitenga, na maji yaliyobaki yanageuka ya kijani-manjano na kuwa maangavu. Chuja kwa kitambaa safi, kamua, tia chumvi, gandamiza kwa sufuria yenye maji kwa nusu saa. Hiyo ndiyo jibini nyeupe inayotengenezwa sehemu nyingi za Amerika ya Kusini na ya Kati, na ni ndugu wa paniri ya Wahindi wanayoijua watu wa Kisutu.

Kilichotokea ni hiki. Kaseini huelea ndani ya maziwa kwa vifungu vidogo sana ambavyo husukumana kwa chaji ya umeme. Uchachu huifuta chaji hiyo, na pH ikikaribia 4.6 vifungu havisukumani tena, vinagandana. Uchachu huohuo huyeyusha kalsiamu iliyokuwa ndani yake na kuiacha iende na maji. Matokeo yake ni jibini isiyoyeyuka hata ukiiweka kwenye mafuta ya moto. Kata vipande vya mchemraba, vikaange viwe vya dhahabu, vichome kwa vijiti na uviweke kando ya kachumbari iliyokatwa ndogondogo. Kwa meza ya watu wengi na mfuko mdogo, sijui kitafunwa kizuri kuliko hicho.

Rojo la jibini la kuchovya linataka jibini ya namna nyingine, iliyogandishwa kwa kimeng'enya cha renneti na kubaki na kalsiamu yake: gouda, cheddar au mozzarella. Zinatengenezwa pia nchini. Kiwanda cha maziwa cha Njombe, kilichokua kwa msaada wa shirika la Kiitalia la CEFA, kimejulikana kwa jibini za Kiitalia. Lakini ukiitia jibini hiyo sufuriani peke yake utaona mafuta yakijitenga juu na chini kubaki donge linalovutika kama mpira. Kalsiamu imezishika protini kwa nguvu kama saruji kati ya matofali, na joto linapoyatoa mafuta protini hizo haziwezi kuyapokea tena.

Dawa yake ilipatikana Uswisi mwaka 1911, pale Walter Gerber na Fritz Stettler wa mji wa Thun walipoyeyusha jibini pamoja na sitrati ya sodiamu, chumvi itokanayo na asidi ya ndimu. Walitafuta jibini itakayostahimili safari ya nchi za joto. Sitrati huinyakua kalsiamu, protini zinaachiana, zinazunguka matone ya mafuta na kuyashikanisha na maji. Mwaka 1916 James L. Kraft alipata hataza ya njia yake ya kutengeneza jibini iliyosindikwa huko Marekani, na rojo za jibini zinazouzwa leo kwenye makopo zinasimama juu ya kemia hiyo.

Sitrati unaweza kuitengeneza jikoni kwako. Pima mililita 100 za maji ya ndimu yaliyochujwa, tia bekingi soda kijiko kimoja cha chai kilichojaa, kidogokidogo, kwenye sufuria kubwa maana povu litapanda. Iwe bekingi soda tupu. Bekingi pauda ina vitu vingine, na magadi ya mawe hayafai. Povu likiisha onja: ukali wa ndimu umekwenda, imebaki ladha ya chumvichumvi. Ongeza nusu kikombe cha maziwa, pasha moto mdogo, kisha koroga humo gramu 250 za jibini iliyokwaruzwa, ngumi kwa ngumi. Rojo litakuwa laini na zito, na halitajitenga. Malizia na pilipili mbuzi na nyanya iliyotolewa maji. Ndimu iliyogandisha maziwa asubuhi, ikishatulizwa na soda, ndiyo inayoifanya jibini iyeyuke jioni. Katika upishi wote wa sherehe mimi sijaona jambo linalonifurahisha zaidi ya hilo.

Cha kuchovyea kipo tele: chapati iliyokatwa pembetatu na kukaangwa ikauke, krispi za muhogo, hata mihogo ya kukaanga ya Coco Beach, ambayo tayari imezoea pilipili na kachumbari. Watu wa Mexico hutumia mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kabla ya kusagwa. Chokaa hiyo huifungua vitamini B3 iliyofungwa ndani ya punje, na ujuzi huo haukuvuka bahari pamoja na mahindi. Tumepata ugali bila chokaa yake, na nasikitika kwamba jambo lenye manufaa hivyo halijafundishwa kwetu kwa upana.

Sherehe za Dar es Salaam zina hatari moja ambayo mwandishi wa vyakula hana haki ya kuinyamazia. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka jijini, kikaanzia wilaya ya Kinondoni, kikaenea mikoa mingi na kufika Zanzibar. Chakula kisichopikwa, kilichooshwa kwa maji ya kisima au ya boza yasiyo salama, ni njia nyepesi ya ugonjwa huo. Na hapa ndimu inarudi. Kimelea cha kipindupindu hakipendi uchachu. Maabara hukikuza kwenye maji yenye pH ya 8 na zaidi. Katika mlipuko wa Guinea mwaka 1986 watafiti waliona kuwa wali uliolazwa na mchuzi wa karanga ulihusiana na wagonjwa, ilhali mchuzi wa nyanya, wenye uchachu zaidi, haukukiacha kimelea kiongezeke. Guinea-Bissau, wakati wa mlipuko wa mwaka 1994, waliotia ndimu kwenye mchuzi waliugua kwa uchache, na maabara ikathibitisha kuwa ndimu inakiua kimelea ndani ya chakula.

Hiyo haina maana kwamba ndimu inaosha nyanya. Salmonela, jamii ya bakteria ambamo wamo wa homa ya matumbo, huvumilia uchachu kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2008 nchini Marekani watu zaidi ya 1,400 waliugua salmonela. Nyanya zilishukiwa kwanza, kisha ikagundulika kuwa pilipili mbichi zilihusika. Miaka miwili baadaye kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilitangaza kuwa, kati ya milipuko ya mwaka 1998 hadi 2008 iliyotokana na vyakula vya migahawani vilivyotambuliwa, karibu mmoja katika kila 25 ulihusu salsa au rojo la parachichi. Ni vyakula vinavyokatwa kwa wingi, kwa mikono mingi, na kuachwa nje muda mrefu.

Nasi tunaviacha nje muda mrefu kuliko wengi. Kadi inasema saa nane, bibi harusi anaingia saa kumi na moja, na joto la Temeke liko juu ya nyuzi 30. Katika joto hilo bakteria wanaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo mmoja huwa 512 kwa saa tatu. Osha nyanya, pilipili na giligilani kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na mikono kwa sabuni. Tayarisha kitunguu na ndimu mapema, kwa kuwa mchanganyiko huo wenye uchachu mkali unastahimili, lakini nyanya na parachichi vikatwe wageni wakianza kuingia. Rojo la jibini liwekwe juu ya jiko la mkaa lenye moto hafifu, libaki juu ya nyuzi 60. Vilivyo baridi vikae kwenye mabakuli madogo, mengine yakisubiri kwenye boksi la barafu. Bakuli likikaa mezani saa moja, liondoe na ulete jingine. Kipya kisimiminwe juu ya mabaki.