Upepo wa Tairi na Hewa ya Mzamiaji

Kando ya barabara ya Musoma, pale Nyakato, huwezi kwenda mbali bila ya kumkuta fundi wa pancha ambaye kompresa yake, iliyochakaa rangi na kufungwa juu ya magurudumu mawili, hulia tangu asubuhi hadi magharibi, na mwenye baiskeli au bodaboda akisimama hapo, aghalabu husema neno moja tu: "Nitie upepo." Hasemi hewa. Lugha yetu imekwisha kupambanua jambo ambalo husahauliwa upesi na yule anayetamani kujaza mitungi ya kuzamia nyumbani kwake, kwamba tairi hutiwa upepo lakini binadamu huvuta hewa, na mashine itoshayo kwa kazi ile ya kwanza haifai asilani kwa hii ya pili.

Yamkini msomaji atauliza ni nani Nyakato mwenye haja ya mtungi wa kuzamia. Na aendelee na barabara hiyohiyo mpaka Igoma, yalipo makaburi ya waliofariki katika MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekwisha kuikaribia Mwanza. Meli ile ilipinduka kwanza, ikaelea tumbo juu kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Ilipotobolewa ili watu watolewe, hewa ikatoka, nayo meli ikashuka chini, na wazamiaji wakaletwa kutoka Afrika Kusini kusaidia kuopoa maiti. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, na siku mbili baadaye wazamiaji wakamtoa fundi wa mitambo akiwa hai bado. Kwa ajili ya hayo siwezi kuuhesabu mtungi uliojazwa karibu na ziwa kuwa ni anasa.

Kompresa ya pancha hukandamiza upepo hadi kiasi cha baa 8, na baa moja ni kama uzito wa hewa ituzungukayo tukiwa pwani. Mtungi wa mzamiaji hudai baa 200. Ili kufikia kiasi hicho hewa hupitishwa katika silinda tatu, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia, ikikandamizwa, ikipozwa katika mabomba na kuachishwa maji yake, kisha ikisukumwa mbele. Mtungi wa lita 12 ukijaa huwa umemeza lita 2,400 za hewa, na mashine ndogo ya nyumbani, iliyopimwa kwa lita 100 kila dakika, huujaza kwa dakika 24 kule Tanga au Unguja. Mwanza hali ni nyingine. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu imepungua uzito kwa kiasi cha sehemu 12 katika 100, na kazi ileile hukaribia dakika 27. Mzamiaji naye asizitumie jedwali za kuzamia zilizofanywa kwa ajili ya bahari bila ya kuzirekebisha.

Ama kuhusu umeme, hapo ndipo wengi hukwama. Mota ya mashine hiyo ndogo, ya kilowati 2.2 hivi, ikifanya kazi kwa fezi moja ya volti 230 huvuta ampea 14 au zaidi kidogo, na soketi ya ukutani imefanywa kwa ampea 13 tu. Fauka ya hayo, mota inapoanza kuzunguka hudai kwa nukta chache mara 5 au 6 ya kiasi hicho, ndipo taa za nyumba nzima zinapofifia na breka kuanguka. Kwa hiyo mashine hii yataka waya wake peke yake, mnene, utokao moja kwa moja kwenye boksi la breka, na ianzishwe vali zake zikiwa wazi ili pistoni zisikutane na mzigo kabla mota haijashika mwendo. Mwenye kuweza kuvuta fezi tatu atapata raha kubwa zaidi, kwani mota ya kilowati 3 kwa volti 400 huvuta kama ampea 6 au 7 katika kila fezi. Na Nyakato, mtaa wa viwanda ambako TANESCO walijenga mtambo wa mafuta mazito wa megawati 60, si mahali ambapo fezi tatu ni jambo la ajabu. Matumizi yenyewe si ya kutisha: mtungi mmoja hula yuniti moja na kitu za LUKU.

Umeme ukikatika, shauri la haraka ni kutafuta injini ya petroli, na shauri hilo naliogopa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ishikayo damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Na kiasi ambacho juu ya nchi kavu kingemtia mtu maumivu ya kichwa, akishuka mita 20 ziwani taathira yake huongezeka kama mara 3. Hata mwenye mota ya umeme hajasalimika. Uani kwetu kuna jiko la mkaa lililowekwa maharage, kuna bodaboda inayopashwa moto ukutani, na mkaa uliokwisha kuwaka vizuri, usiotoa moshi hata kidogo, hutoa gesi hiyohiyo. Kichujio cha mkaa maalumu kilichomo ndani ya mashine huondoa harufu na mvuke wa oili, lakini kaboni monoksaidi hukipita kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Basi bomba la kuvutia hewa na lipandishwe juu ya paa, lielekee upande utokako upepo, mbali na jiko na barabara. Na ndani ya mashine itiwe oili yake yenyewe, wala si ya gari.

Saa nzuri ni saa nne asubuhi, chai imekwisha kunywewa na jiko la mchana halijawashwa, na volti hazijashuka kama zishukavyo baada ya magharibi. Kila robo saa hufunguliwa vali ya maji, nayo hutema mvuke mweupe uliochanganyika na oili. Mtungi, ambao lazima uwe umekaguliwa na kugongwa muhuri wa majaribio, hupata joto mkononi kadiri sindano ya kipimo ipandavyo. Ikigusa 200, mashine huzimwa na mtungi huachwa kivulini, na ukipoa sindano hurudi hata 185, ndipo mwenye subira huiwasha tena kwa dakika mbili tatu kujaza kilichopungua.