Gramafoni ikiyumba, usikimbilie sarafu

JE, msomaji, umewahi kutoa kabatini santuri ya zamani ya baba, ukaiweka kwenye gramafoni, kisha mwimbaji akasikika kama mlevi? Sauti inapanda na kushuka, gita linayumba, na mara sindano inaruka.

Wengi hufanya nilivyofanya nikiwa mwanafunzi. Nilibandika sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha mkono wenye sindano. Kweli, sindano iliacha kuruka. Lakini baada ya miezi michache, santuri ambayo mzee aliipenda kuliko zote ilikuwa ikikwaruza tu.

Sindano nyingi za nyumbani hukandamiza santuri kwa gramu 1.5 hadi 3 hivi. Sarafu huupita mbali uzani huo, na sindano hugeuka patasi. Mfereji wa muziki ukishalika, haurudi.

Basi tafuta dawa kwenye sahani inayoizungusha santuri. Anza kwa kupima. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, utazame saa na kuhesabu. Katika dakika 3 karatasi yapasa ipite mara 100. Ikipungua, huenda mkanda wa mpira umelegea, na hapo hakuna ujanja ila kuubadilisha.

Pili, weka juu ya sahani pima maji ya fundi wa ujenzi. Upande ulioinama uinue kwa kadibodi chini ya gramafoni.

Sasa tuje kwenye ujanja wenyewe. Umeona gurudumu zito la cherehani linavyoendelea kuzunguka hata mguu ukipumzika? Sahani nzito nayo hutulia hivyo hivyo, ilhali ile nyepesi ya bati huyumba na kulia kama sufuria. Igeuze, ubandike plastisini ya watoto chini yake, karibu na ukingo, kwa kiasi sawa pande zote. Ukizidisha upande mmoja, utaongeza kuyumba. Hakikisha pia haigusi mkanda, wala usiweke nyingi hadi mota ilemewe.

Juu ya sahani, tandika duara la ngozi laini au koki lenye unene sawa. Mabaki ya ngozi utayapata kwa mafundi wa viatu, kama wale wa soko la Kariokor. Kumbuka kwamba duara likiwa nene mno, mkono wa sindano utainama vibaya.

Je, watoto wakirukaruka sebuleni sindano inaruka nao? Kata mipira miwili ya tenisi nusu kwa nusu, uviweke vipande vinne chini ya ubao mzito, na gramafoni ikae juu. Wengine hutumia tyubu ya baiskeli iliyotiwa upepo kidogo. Rafu iliyopigiliwa ukutani imara ni bora zaidi.

Mwisho, santuri zisimamishe wima mbali na jua, kwani iliyopinda itayumba hata kwenye sahani bora.

Santuri nyingine unaweza kuibahatisha katika vibanda vya Kenyatta Market, Nairobi. Lakini ile yenye jina la baba kwa kalamu yake haiuzwi popote. Itunze, msomaji, na shilingi yako irudishe mfukoni.