Istilahi za Walaji Wadogo wa Baharini

Hivi karibuni ililetwa kwetu rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha sayansi ya bahari ili tuikague. Humo viumbe wadogo wanaokula mimea ya baharini waliitwa wachungaji, chuma kiliwekwa katika kundi la madini adimu, na viumbe hao wakasemwa kuwa wanahifadhi kaboni. Sarufi ya mfasiri haikuwa na kasoro. Hata hivyo, maneno hayo matatu yangempotosha msomaji. Katika makala haya tunakusudia kueleza sababu, tukichukua mifano yetu Handeni na Korogwe, wilaya mbili za Mkoa wa Tanga zisizopakana na bahari. Maana istilahi nzuri haina budi kumfaa hata asiyeishi pwani.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Karibu na uso wa bahari huelea mimea midogo mno, ambayo hapa tutaiita vijimea. Hiyo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mihindi, na takriban nusu ya usanisinuru wote duniani hufanyika baharini. Vijimea huliwa na viumbe ambao wengi wao ni wa seli moja tu, na urefu wao kwa kawaida hauzidi sehemu 1 ya 5 ya milimita. Hukadiriwa kwamba hao hula karibu theluthi mbili ya vijimea vinavyozalishwa kila siku. Chakula kimeng'enywapo miilini mwao, chuma, zinki na shaba zilizokuwamo huachiliwa, na sehemu yake hurudi majini ikatumiwa na vijimea vingine.

Tuanze na jina la walaji hao. Handeni ni nchi ya mifugo, na kila mfugaji wa huko ajua kwamba mchungaji ni mtu ashikaye fimbo. Alaye majani ni ng'ombe. Isitoshe, kwa Wakristo neno hilo humtaja kiongozi wa kanisa. Basi kumwita mlaji mchungaji ni kumkabidhi ng'ombe fimbo. Tulifikiria neno walamwani, tukaliacha, kwa kuwa mwani kwa watu wa pwani na Zanzibar ni zao lipandwalo, na mlaji wake ajulikanaye ni samaki tafi. Tukajaribu pia kilavijimea, lakini msomaji angelikata na kusoma "kila vijimea". Tunapendekeza mlavijimea, wingi walavijimea, kwa kufuata mfano wa mlanyama na walanyama.

Pili, neno adimu. Ofisa wa serikali asomapo "madini adimu" pale Handeni, mawazo yake yatakwenda kwenye dhahabu, vito na leseni za uchimbaji. Lakini chuma si kitu adimu. Wekundu wa udongo wa Handeni na Korogwe hutokana na oksidi za chuma, na wakati wa masika Mto Pangani, upitao Korogwe, hubeba udongo kuelekea Bahari ya Hindi. Ila maji ya mito yakutanapo na maji ya chumvi, sehemu kubwa ya chuma kilichoyeyuka hugandamana na kuzama. Juu ya bahari kuu, tani 1 ya maji kwa kawaida huwa na chuma kilichoyeyuka kisichofika hata sehemu 1 ya 10 ya miligramu. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, John Martin, alitoa hoja kwamba upungufu huo ndio uzuiao vijimea kustawi katika bahari izungukayo Antaktika, ijapokuwa virutubishi vingine vimo tele. Kwa hiyo tunapendekeza metali haba. Uhaba ni wa kiasi kilichomo majini, si wa kitu chenyewe duniani. Na Waswahili tumekwisha kufunzwa na methali kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Tatu ni kaboni. Ng'ombe alapo majani, kaboni nyingi hutoka kwa pumzi, na samadi hurutubisha ardhi. Walavijimea nao hutoa kaboni nyingi kwa kupumua, nayo yaweza kurudi hewani. Sehemu ndogo tu, iliyomo katika vinyesi na mizoga, huzama vilindini, na baadhi yake hukaa huko kwa karne nyingi. Hiyo ya kwanza ni kurejeleza. Hii ya pili ndiyo kuhifadhi.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Tangu Tanzania ilipotoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, ofisa wa wilaya aweza kutakiwa kuufafanua mkataba mbele ya mkutano wa kijiji. Kinachouzwa katika biashara hiyo ni kaboni iliyozuiwa isiende hewani au iliyohifadhiwa, wala si ile ipitayo na kurudi. Mfasiri akiyachanganya maneno hayo, wanakijiji watatia sahihi jambo wasilolielewa.

Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wazitumie istilahi hizi katika kazi zao, kisha watuletee maoni. Pasipofaa patengenezwe kabla neno halijazoeleka.