Uvukizaji: Namna chumvi inavyotenganishwa na maji ya bahari

Lita moja ya maji ya bahari, hata yakionekana maangavu, hubeba takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Chujio haliwezi kuzinasa, kwani zimeyeyuka na kugawanyika katika chembe ndogo mno. Je, msikilizaji mpenzi, chumvi hizo hutenganishwaje na maji?

Njia kongwe ni uvukizaji. Chembe za maji zilizo juu, zikipata nguvu ya kutosha kutokana na joto, huachana na wenzao na kupaa hewani zikiwa mvuke. Si lazima maji yachemke. Jua na upepo vinatosha. Chumvi ya kula, kwa upande wake, huchemka kwenye nyuzijoto zaidi ya 1,400, kwa hiyo hubakia chini.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Gongoni nchini Kenya hadi Lindi na Mtwara nchini Tanzania, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yenye kina kifupi, mara nyingi wakati wa bamvua. Kadiri eneo linalopigwa na jua na upepo linavyokuwa kubwa, ndivyo maji yanavyokauka upesi. Kazi hii hutegemea kiangazi, kwani mvua huyeyusha upya kilichokwisha kuganda.

Hata hivyo, si vyema kuyakausha maji yote katika bwawa moja. Chokaa hutangulia kujitenga, ikifuatiwa na jasi wakati maji yamepungua hadi kiasi cha moja ya tano. Yanapobakia kama moja ya kumi, ndipo chumvi ya kula huanza kuganda. Chumvi za magnesi, ambazo ni chungu na huvuta unyevu, huwa za mwisho. Ndiyo maana maji huhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa: jasi huachwa nyuma, chumvi huvunwa, na maji machungu yaliyosalia huondolewa kabla ya kukauka.

Utaratibu huo, hata hivyo, hautoi kila kitu ambacho mwili unakihitaji. Madini joto ni machache mno baharini, na sehemu kubwa yake haigandi pamoja na chumvi. Kwa hiyo chumvi ya bahari, hata ikiwa safi, haina madini hayo ya kutosha. Upungufu wake husababisha uvimbe wa tezi shingoni, na ukimpata mama mjamzito huweza kudumaza ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Kwa sababu hiyo, sheria za Kenya na Tanzania zinataka chumvi ya kula iongezwe madini joto. Uingereza haina sharti kama hilo. Anayenunua chumvi huko, hata ikiwa imeandikwa kuwa ni ya bahari, hana budi kusoma maelezo ya pakiti ili ajue kama madini hayo yameongezwa.