Nyimbo za bure zisizo za wizi

Je, msomaji, wimbo wa mwisho uliopakua ulimfaidi nani? Zamani tulinakiliana kanda. Siku hizi tunarushiana kwa simu, tukijua fika kwamba aliyetoka jasho hapati hata ndururu. Hata hivyo, zipo nyimbo ambazo wenyewe wamezitoa bure kwa hiari.

Mmoja wao ni Jonathan Coulton wa Brooklyn, New York. Mwaka wa 2005 aliacha kazi ya kuandika programu za kompyuta, akajitolea kurekodi nyumbani wimbo mmoja kila wiki, mwaka mzima. Alizitoa kwenye intaneti kwa leseni ya Creative Commons: nakili, wagawie wenzako, mradi usizifanyie biashara. Utadhani alijinyima riziki. La! Waliozipenda walinunua kazi zake na kuhudhuria maonyesho yake, naye akaishi kwa muziki.

Ukitaka kutafuta, anza na Free Music Archive, iliyoanzishwa mwaka wa 2009 na redio ya WFMU ya New Jersey. Kwenye Bandcamp, baadhi ya wanamuziki hukuachia upange bei mwenyewe, hata sufuri.

Usitarajie kila wimbo uwe mtamu. Mwingine utasikia mlango ukigongwa katikati ya ubeti! Soma leseni kabla ya kuutia kwenye tangazo la duka lako, maana bure ya kusikiliza si bure ya kuchumia. Na wimbo ukikugusa, mwandikie mwenyewe umwambie, au umtumie chochote ulicho nacho.