Usiku wa kwanza Moscow: hoteli ya bei nafuu, pasipoti na karatasi ya usajili

Kila mwaka vijana kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Kongo hupanda ndege kwenda kusoma Urusi. Baadhi yao wanafadhiliwa na serikali ya nchi hiyo. Wengine wanalipiwa na wazazi waliouza ng'ombe au kipande cha shamba. Chuo huwa kimewatengea nafasi bwenini, lakini ndege inaweza kutua usiku, siku ya Jumapili, au siku mbili kabla ya bweni kupokea wageni. Hapo kijana hulazimika kulala hotelini, na wazazi wanaotusikiliza hutuuliza: hoteli za huko zikoje, na mtoto wangu atalala salama?

Tumechagua Moscow kwa sababu ndiko wengi hupitia. Ethiopian Airlines hutua huko kutoka Addis Ababa, na wengine hufika kupitia Dubai, Doha au Istanbul. Chuo kinachofahamika zaidi kwetu, kile chenye jina la Patrice Lumumba, nacho kiko Moscow. Kilianzishwa mwaka 1960, kikapewa jina la Lumumba mwaka 1961, jina hilo likaondolewa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2023.

Tuanze na jambo kubwa kuliko kitanda. Kwetu ukiingia gesti, mhudumu hukusogezea kitabu cha wageni. Unaandika jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, unatia saini, na mara nyingi habari inaishia hapo. Urusi pia wana kitabu cha wageni, ila chao kinafika serikalini. Kila mgeni wa nje lazima asajiliwe mahali anapolala, na mwenye wajibu wa kupeleka taarifa ni yule anayempokea, yaani hoteli, chuo au mwenye nyumba. Kwa kanuni ya jumla taarifa hiyo inatakiwa kufika ndani ya siku 7 za kazi tangu mgeni aingie, na hoteli hutakiwa kuipeleka haraka zaidi, ndani ya siku moja ya kazi. Mgeni asiyesajiliwa anaweza kutozwa faini, na anaweza hata kuamriwa kuondoka nchini. Polisi husimamisha watu kwenye vituo vya treni na kuomba karatasi, na kijana mweusi mwenye begi kubwa hapiti bila kuonekana.

Kwa sababu hiyo, tunapoulizwa hoteli ipi ni nzuri, jibu letu la kwanza ni hoteli inayosajili wageni wa nje. Rangi ya mapazia na ukubwa wa televisheni vitafuata baadaye. Kabla ya kulipia chumba, uliza kwa maandishi kama wanapokea raia wa nchi yako na kama wanawasajili. Neno lenyewe kwa Kirusi ni "registratsiya", na kila mhudumu wa mapokezi analijua.

Ukifika mapokezi utatakiwa kutoa vitu viwili. Cha kwanza ni pasipoti yenye viza. Cha pili ni kadi ya uhamiaji, kikaratasi kidogo unachopewa uwanja wa ndege unapoingia nchini. Wengi hukiona kama risiti na kukitupa, au kukisahau ndani ya kitabu kwenye ndege. Kitunze kama unavyotunza pasipoti yenyewe, kwa sababu kinahitajika hotelini, kinahitajika chuoni, na kinahitajika siku ya kuondoka Urusi. Mhudumu huchukua nakala za hati zako na kukurudishia. Baada ya hapo omba nakala ya karatasi ya usajili, hata kama hakuna aliyekuambia uiombe. Ukihamia bwenini, chuo kitakusajili upya kwa anwani ya huko.

Aina za malazi ya bei nafuu ni mbili kubwa.

Ya kwanza ni hosteli, ambako unalipia kitanda badala ya chumba. Chumba kimoja huwa na vitanda vya juu na chini, wakati mwingine vinne, wakati mwingine zaidi ya kumi, na choo, bafu na jiko ni vya wote. Aliyesoma shule ya bweni kwetu hatapata shida. Tofauti ni kwamba jirani yako anaweza kuwa mwanafunzi, dereva wa lori au fundi wa ujenzi aliyekuja kutafuta kibarua. Uliza kama kuna chumba cha wanawake peke yao, maana hosteli nyingi zinacho, na uliza kama kila kitanda kina kabati la kufunga kwa kufuli. Tangu Oktoba 2019 sheria inakataza kuendesha hosteli ndani ya fleti za makazi. Basi anayekupeleka kwenye mlango wa fleti ya kawaida, ghorofa ya tano, bila kibao wala mapokezi, na kukwambia hapa ni hosteli, anakupeleka mahali ambapo usajili wako utakuwa wa mashaka. Bei yake inaweza kuvutia. Achana naye.

Ya pili ni hoteli kubwa za zamani za enzi ya Wasovieti. Mwaka 1980 Moscow iliandaa Michezo ya Olimpiki, na majengo makubwa yalijengwa kwa ajili ya wageni. Hoteli ya Cosmos, iliyofunguliwa mwaka 1979, ina vyumba 1,777. Mashariki mwa jiji kuna Izmailovo, kundi la majengo marefu yenye maelfu ya vyumba, ambalo liliwahi kutajwa kuwa hoteli kubwa kuliko zote duniani. Vyumba vya hoteli za namna hii huwa vidogo na vya kawaida, lakini wafanyakazi wamezoea pasipoti za kila rangi, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Kuhusu Izmailovo kuna jambo la kuangalia. Majengo yake yana majina tofauti, Alfa, Beta, Vega na Gamma-Delta, na kila moja lina mapokezi yake. Ukiweka nafasi Beta ukaingia Alfa, jina lako halitaonekana kwenye kompyuta, na utadhani umetapeliwa. Soma jina la jengo kwenye karatasi yako kabla ya kuanza kulalamika. Kufika kwake si kazi ngumu. Ukitua uwanja wa Domodedovo, treni ya uwanja wa ndege inakufikisha kituo cha Paveletsky. Hapo unashuka chini kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, unapanda ile ya njia ya mduara vituo viwili hadi Kurskaya, unabadilisha njia, halafu vituo vinne hadi Partizanskaya. Hoteli iko karibu na kituo hicho. Metro hufunguliwa mnamo saa 11 na nusu alfajiri na kufungwa saa 7 usiku, kwa hiyo ndege ikitua usiku wa manane ni ama teksi ama kusubiri kukuche ndani ya uwanja.

Tumetaja saa, basi tuseme na hili, maana huwashangaza wengi: saa ya Moscow ni sawasawa na ya Dodoma, Nairobi na Kampala, mwaka mzima. Hakuna haja ya kujumlisha wala kutoa. Ila wao husoma saa kwa mtindo wa 24, na hoteli ikiandika kuwa wageni wanaingia 14:00 na kutoka 12:00, maana yake ni saa 8 mchana na saa 6 mchana. Ukifika asubuhi unaweza kuambiwa usubiri au ulipe nyongeza. Kinachobadilika sana ni jua. Mwezi Desemba linachomoza karibu saa 3 asubuhi na kuzama mnamo saa 10 jioni. Mwezi Juni linachomoza kabla ya saa 10 alfajiri na kuzama baada ya saa 3 usiku. Mwenye kufuata nyakati za swala aandae ratiba ya huko mapema.

Sasa pesa, ambayo ndiyo imewaumbua wasafiri wengi miaka hii. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa na benki za nje hazifanyi kazi Urusi. Si kwenye mashine ya kutolea pesa, si dukani, si hotelini. Mzazi anayesema "nitamwekea kwenye kadi akifika" ajue kwamba akifika hataitoa. Booking.com nayo ilisitisha huduma zake Urusi mwaka huohuo, kwa hiyo chumba huwekwa kupitia mitandao ya huko au kwa kuwasiliana na hoteli moja kwa moja. Njia inayobaki kwa siku za mwanzo ni kubeba dola au euro taslimu na kuzibadilisha benki kuwa rubo, kwani hoteli hulipwa kwa rubo. Chukua noti safi. Yenye mchaniko, mhuri au maandishi ya kalamu inaweza kukataliwa. Gawa pesa sehemu mbili au tatu mwilini na kwenye mizigo, kama bibi zetu walivyofanya na pindo la kanga.

Bei hupanda na kushuka. Huwa juu wakati wa kiangazi, na wakati wa sikukuu za mwaka mpya na za Mei. Tarehe 1 hadi 8 Januari ni mapumziko ya kitaifa, ofisi nyingi hufungwa, na siku hizo hazihesabiwi kama siku za kazi kwenye usajili.

Ndani ya chumba kuna mambo madogo ambayo usipoambiwa yatakusumbua. Kwao ghorofa ya kwanza ni ile ya chini kabisa, ya usawa wa barabara, hivyo ukipewa chumba ghorofa ya tatu unapanda ngazi mara mbili tu. Soketi za umeme zina matundu mawili ya mviringo, na plagi yetu ya meno matatu bapa haiingii, kwa hiyo nunua adapta kabla ya safari. Kipindi cha baridi jengo zima hupashwa moto kwa mabomba ya maji moto, na mara nyingi huwezi kuyapunguza kutoka chumbani. Nje barafu, ndani unatoka jasho, na Warusi wenyewe hufungua dirisha kidogo. Kiangazi huja kinyume chake: mitaa ya Moscow hukatiwa maji ya moto kwa zamu, hadi siku 10, ili mabomba yakaguliwe. Hoteli yenye mtambo wake haiguswi. Uliza.

Katika hoteli za zamani unaweza kumkuta mama mtu mzima ameketi kwenye meza ukumbini, kila ghorofa na wake. Zama za Wasovieti ndiye aliyetunza funguo na kujua nani kaingia na nani katoka. Hatabasamu, na usidhani amekuchukia. Kumchekea mtu usiyemjua si desturi yao. Msalimu, vua viatu vyenye theluji usimchafulie zulia, na ukiugua usiku yeye ndiye atakayepiga simu.

Chakula cha asubuhi ni uji, mayai, mkate na soseji. Soseji nyingi zina nguruwe, na neno la kulikumbuka ni "svinina". Ipo nafaka ya kahawia iitwayo "grechka", inapikwa kama wali, ni ya bei ndogo na inashibisha. Chai hunywewa kwa wingi, kwa kawaida ya rangi, na kwa kuwa Urusi ni miongoni mwa wanunuzi wa chai ya Kenya, huenda majani yametoka Kericho.

Tuna onyo moja zito. Kama hoteli inalipwa na mtu mwingine, mjue ni nani na anataka nini. Januari 2023 Serikali ya Tanzania ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekwenda Moscow kusoma, akafungwa gerezani huko, kisha akaingizwa vitani Ukraine na kuuawa. Mwaka 2025 Serikali ya Kenya ilikiri kuwa vijana wake walikuwa wameandikishwa vitani, baadhi yao baada ya kuahidiwa kazi za kawaida. Wakala anayekupokea uwanja wa ndege, akakupeleka hotelini, akabaki na pasipoti yako na kukuletea karatasi za Kirusi uzitie saini, huyo si mwenyeji. Usisaini usichoweza kukisoma. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Moscow; andika namba yake kwenye karatasi, siyo ndani ya simu pekee.

Na karatasi hiyo iwe na anwani ya hoteli kwa herufi za Kirusi, umwonyeshe dereva. Herufi zao huhadaa: Р ni R, Н ni N, С ni S. Neno РЕСТОРАН husomwa "restoran", nawe ukajua kuna chakula.

Simu ndiyo itakayowatia wazazi hofu. Tangu Oktoba 2025 laini za nje zinapoingia Urusi hufungiwa intaneti na SMS kwa saa 24 za kwanza. Wi-Fi ya hoteli nayo mara nyingi hukutaka uthibitishe namba kwa SMS, ambayo haitafika. Mgeni kupata laini ya Urusi sasa kunahitaji hatua kadhaa, ikiwamo kuchukuliwa sura na sauti, na hilo haliishi siku moja. Tangu Agosti 2025 simu za kupiga kwa WhatsApp zimezuiwa. Basi kubalianeni kabla ya safari: kijana akifika aombe mapokezi, au mwanafunzi mwenzake aliyetangulia, amtumie mzazi ujumbe mmoja wenye jina la hoteli, namba ya chumba na siku ya kuhamia bwenini. Ikipita siku nzima kimya, mpigie yule mwanafunzi aliyetangulia, halafu chuo, kisha ubalozi.